Kampala 1979: wajuzi tupeane, mji ulitwaliwaje?

Mtu wa Ngamiani: Kwenye kahawa barazani tulikuwa kwenye vita vya Tanzania na Idi Amin wa Uganda, kijana kasema mji mkuu wa Amin ulianguka kwa siku moja. Wazee nusura wamwage dele. Wenye kujua?

Kahawa Chungu: Siku moja! Yakhe, Kampala ilianza kuanguka Lukaya, Machi 10. Pale barabara ya Masaka kwenda Kampala inapita juu ya kinamasi, huwezi kuchepuka kulia wala kushoto. Gari moja likiungua, njia imefungwa. Walibya, waliokuja kumsaidia Amin, wakafungua na katyusha, yale maroketi. Makombora mengi yalipita juu, lakini mvumo tu ulitosha kuwatawanya vijana wetu wa Brigedi ya 201 ya Tanzania, wengi wao wageni wa mlio ule. Brigedi yetu nyingine, ya 208 ya Mwita Marwa, ilikuwa kama kilomita 60 kaskazini magharibi. Ikaamriwa igeuke. Alfajiri ya tarehe 11 ikamtokea adui ubavuni, huku 201 iliyopangwa upya ikimgonga usoni. Walibya zaidi ya 200 hawakuondoka pale.

Bint Makorora: Naam. Lukaya ndiyo yenyewe.

Mkia wa Taa: Mbona Waganda mnawaruka? UNLF, umoja wa Waganda waliompinga Amin, iliundwa Moshi mwezi huo huo wa Machi, nao walipigana.

Kahawa Chungu: Hakuna aliyewaruka. Uzito wa mizinga ulikuwa wa JWTZ.

Mkia wa Taa: Ndiyo kuwaruka huko.

Fundi Chumbageni: Mtagombana baadaye. Mwenye mjukuu achukue sinia na vikombe vitatu vya kahawa. Sinia ni Kampala. Kusini, barabara ya Entebbe, weka 208. Magharibi weka 207. Kaskazini, njia ya Bombo, weka 201. Hao wa 201 hawaingii, kazi yao kuzuia msaada usifike. Mashariki usiweke kitu! Wengi hukosea hapa, wakatafuta kikombe cha nne. Njia ya Jinja iliachwa wazi makusudi, Walibya watoke.

Bint Makorora: Kwa nini Entebbe ilitwaliwa kwanza, kabla ya Kampala?

Fundi Chumbageni: Uwanja wa ndege. Walibya walikuwa wakiingilia hapo. Tena huwezi kuukabili mji huku umemwacha adui ubavuni. Ulichukuliwa Aprili 7.

Mkia wa Taa: Mimi ningeziba Jinja.

Fundi Chumbageni: Ukawapigania nyumba kwa nyumba mjini mwa watu? Ziba wewe.

Mzee Kashata: Mwambieni mjukuu asiweke vikombe vyenye kahawa, mkeka wa bibi yake una thamani kuliko Kampala.

Mtu wa Ngamiani: Sasa Kampala ni Aprili 10 au 11?

Kahawa Chungu: Kumi kushambulia, kumi na moja mji mkononi. Yusuf Lule akaapishwa kuwa rais mpya tarehe 13.

Mtu wa Ngamiani: Basi ni siku mbili. Kijana analipa.

Mzee Kashata: Na kashata.