Tupeane uzoefu: shawa ya umeme bafuni kwako, ule waya wa kijani umeishia wapi?

Mkazi_Uyole:
Wakuu habari za baridi. Huku Mbeya mwezi wa sita na wa saba maji ya asubuhi hayagusiki, ndo maana nyumba nyingi za kupanga siku hizi wamefunga hizi shawa za umeme, zile za plastiki nyeupe zinazochemsha maji papo hapo. Sasa kwangu nikiwa nimelowa nikishika koki inanitekenya vidoleni, sio shoti ya kurusha mtu, ni kama sisimizi wanapita. Mpangaji mwenzangu akasema ndo zilivyo hizo, vaa kandambili utazoea. Roho haikutulia nikaita fundi mwingine, akazima meinswichi akafungua pale juu, tukakuta waya wa eathi upo kabisa, wa kijani na njano, umetoka kwenye shawa vizuri tu, halafu umekunjwa ukapigwa seloteipu ukasukumwa darini. Haujaungwa popote! Aliyefunga aliona maji yanatoka ya moto akachukua hela yake akasepa. Haya lete kisa chako, ilikuwaje na ulimalizaje.

FundiWaya:
Hiyo ndo ninayokutana nayo kuliko zote. Watu hawajui kwamba hizi shawa nyingi koili yake iko uchi ndani ya maji, sio kama ile ya birika iliyofunikwa kwenye bomba la chuma. Maji yanapita juu ya waya wenye umeme kwahiyo lazima kuna kidogo kinavuja, na kazi ya ule waya wa kijani ni kukidaka kikiwa bado ndani ya kichwa cha shawa kukipeleka ardhini. Ukiuacha unaning'inia njia inayobaki ni wewe, umelowa, miguu iko kwenye sakafu mbichi.

Na cha pili ni waya mwembamba. Shawa ya wati 5,500 inakula karibu ampia 25, halafu unakuta mtu kaiunga kwenye waya wa taa wa 1.5mm eti kwa sababu taa ya bafuni ndo ilikuwa karibu. Nimefungua swichi za hivyo zimeyeyuka zikashikana na ukuta. Shawa inataka njia yake peke yake kutoka kwenye meinswichi, waya wa 4mm, kama ni mbali piga 6mm, breka ya ampia 32 (ile inayojikata umeme ukizidi), na swichi inayokata laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) zote mbili kwa pamoja, ikae nje ya bafu.

Stima_Kitengela:
Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu Kitengela shida ni maji ya chumvi, ploti nyingi zinatumia maji ya kisima cha kuchimba na hayo maji yanapitisha stima vibaya sana. Tulipohamia kulikuwa na shawa ya stima ya kawaida, iliyotengenezwa kwa maji ya mfereji yasiyo na chumvi, na kila mtu kwa ploti alikuwa analalamika stima inamshika. Keateka akawa anakuja anabadilisha koili, inakaa kidogo inaliwa na chumvi inakatika, anabadilisha tena, na ile kushikwa iko palepale. Dukani ndo nikaambiwa kuna zile zimetengenezwa kwa maji ya chumvi, koili imefungiwa ndani haigusani na maji, bei iko juu lakini ndio yake. Nikaongea na landilodi, akakubali kukata kwa kodi. Na hata hiyo bado inataka eathi msidanganyike.

MamaWawili_Mafinga:
Mimi naomba niwaambie kitu kuhusu eathi ya uongo maana ilinitoa jasho. Fundi alinifungia shawa akaniambia dada eathi yako iko safi, akachukua balbu ya majaribio akaiweka kati ya laivu na ule waya wa kijani ikawaka pyaa, mi nikaridhika. Kumbe nyumba haikuwa na chuma chochote kilichochimbiwa ardhini, alichofanya aliuunga kijani na nyutro mulemule kwenye swichi ya shawa, sasa balbu kwanini isiwake.

Ikaja mvua ya upepo usiku, taa zote zikazima, nikajua umeme umekatika kama kawaida. Asubuhi mtoto anafungua friji akapiga ukelele. Umeme hakuna, taa haziwaki, friji inashtua! Nikatoa watoto wote nje nikapiga simu shirika la umeme, walipokuja wakakuta waya wa nyutro umekatikia kule unapoingia kutoka nguzoni, wa laivu mzima. Yule kijana wao alichomeka testa kwenye soketi inawaka matundu yote mawili. Akanieleza kwamba laivu ilikuwa inaingia kwenye vitu vya ndani, inatokea upande wa nyutro, haina pa kwenda, inarudi kupitia ule muungano mpaka kwenye mabati ya friji, pasi, koki, kila kitu chenye waya wa kijani. Mpaka leo mtu akinionyesha balbu eti kipimo cha eathi namwambia asante baba, ulete mashine ya kupimia au uende.

Mzee_Kibosho:
Vijana, nyumba za zamani nazo ziangalieni. Hii yangu ya Moshi eathi ilifungwa kwa klempu kwenye bomba la maji la chuma, zamani ndivyo walivyofanya na ilikuwa sawa maana bomba lilikwenda ardhini mbali. Baadaye tukang'oa mabomba yaliyokuwa na kutu tukaweka ya plastiki. Klempu ikabaki imeng'ang'ania kipande cha chuma kisichofika hata mita moja. Fundi bomba hakujua, fundi umeme hakuitwa.

Tata_Mbishi:
Mnatishana bure. Mi nina breka ya 32 mpya, umeme ukivuja inakata yenyewe, eathi ya nini?

FundiWaya:
@Tata_Mbishi tupige hesabu ndugu yangu. Tuseme una chuma chako ardhini na ukinzani wake ni omu 20, kwa udongo mkavu hiyo wala sio mbaya. Laivu yote ikigusa eathi, 230 gawa kwa 20 unapata ampia 11 na ushee. Breka yako inasubiri ivuke 32. Itakaa hapo inaangalia tu! Ndo maana tunaweka ile kinga nyingine yenye kitufe cha T, RCD, ya miliampia 30, inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, ukipungua njiani inakata fasta. Miliampia 30 kwa 32,000 za breka, ona tofauti. Breka inalinda waya usiungue, haikulindi wewe.

Binti_Pwani:
Mimi niko Dar, watu wanacheka shawa ya moto Dar ila mwenye mtoto mchanga anaelewa. Nimewekewa hiyo RCD, tatizo kila nikiwasha shawa inakata nyumba nzima, fundi anataka aitoe eti mbovu. Maji yetu ni ya kisima yana chumvichumvi.

FundiWaya:
@Binti_Pwani usikubali dada. Chomoa shawa peke yake, ikitulia basi RCD ni nzima, inachokiona ni ule mvujo wa koili iliyo uchi kwenye maji ya chumvi. Fanya kama wa Kitengela, tafuta kichwa chenye koili iliyofunikwa. Wakati unatafuta iache shawa imezimwa, chemsha maji jikoni uogee ndoo.

Mkazi_Uyole:
Wakuu nashukuru, mwenye nyumba amekubali kuchimbia chuma ila kwetu chini ni mawe, kimeingia nusu kikagoma. Tukikate?

FundiWaya:
Msikate. Hamisheni, jaribuni pale maji ya bafu yanapotokea, au kwenye migomba kama ipo, udongo wa pale haukauki. Kikigoma tena wekeni vyuma viwili au vitatu, viachane kwa urefu wa chuma chenyewe au zaidi, mviunganishe na waya wa kopa, halafu kipimwe kwa mashine. Ukishapata namba ilete hapa tuione.