Tupeane uzoefu: taa za LED za Krismasi za kujitengenezea, zinazocheza kama mwali wa mshumaa

Mleta mada: Wakuu, Krismasi hiyo inakuja. Taa za kiwandani zimejaa Kariakoo, lakini nyingi zinawaka na kuzima kwa mpigo mmoja tu. Mnaojitengenezea, leteni vifaa, vipimo na yanayoharibika. Umeme uwe wa chaja ya simu, volti 5. Mambo ya kuunga moja kwa moja kwenye volti 230 tusiyalete hapa, mapambo hushikwa na watoto.

Mdau wa Tabata: Anza na rizista (kifaa cha kupunguza mkondo wa umeme, hupimwa kwa omu), kila LED na yake. Nyekundu na njano hula takriban volti 2, nyeupe na bluu takriban 3. Kwenye volti 5 ukitoa 2 zinabaki 3. Gawa kwa ampia 0.015, unapata omu 200. Nunua ya 220. Kwa nyeupe weka 150. Ukiunga nyekundu na bluu sambamba kwa rizista moja, nyekundu itawaka na bluu itabaki giza, kwa sababu nyekundu inaibana volti isipande zaidi ya 2. Wengi huitupa hiyo bluu wakidhani imeungua, kumbe nzima. Mguu mrefu ni chanya. Kama miguu imeshakatwa, tazama ukingo wa kichwa: upande uliobapa ni hasi.

Mdau wa Sinza: Kwa nyota ya mlangoni, IC ya 555 (chipu ya kuhesabu muda) inatosha kabisa: rizista ya kilo-omu 1, nyingine ya kilo-omu 68, kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) ya mikrofaradi 10. Inapiga takriban mara moja kwa sekunde. Ukitaka haraka zaidi, punguza hiyo ya 68.

Mdau wa Kimara: Kwa nyota sawa mkuu, ila kwa mshumaa 555 haifai. Mwali hauzimiki na kuwaka. Unapungua na kuongezeka bila mpangilio. Tumia Arduino Nano (kibao kidogo cha kielektroniki unachokipangia programu kwa kompyuta), pini 3, 5, 6, 9, 10 na 11, ambazo zinaweza kupunguza mwanga. Kila pini ipewe namba ya kubahatisha kati ya 90 na 255 (0 ni kuzima, 255 ni mwanga wote), ibadilike kila baada ya milisekunde 40 hadi 120, na muda huo nao uwe wa kubahatisha. Usishuke hadi 0, macho yatagundua mara moja. Kila kundi liwe na namba zake. Makundi yote yakicheza pamoja, uzuri wote umekwisha.

Pini moja usiipe zaidi ya miliampia 20, yaani LED moja tu. Ukitaka tano, weka transista ya BC547 (swichi ndogo inayoamriwa na pini) na rizista ya kilo-omu 1 kwenye besi, yaani mguu wake unaopokea amri. Halafu kichwa cha LED kikwaruze kwa msasa laini mpaka kiwe na ukungu. Bila hivyo mwanga unatoka kama mshale, hausambai kwenye karatasi ya pambo.

Mdau wa Kigamboni: Huku kwetu chumvi ya bahari ndiyo adui. Maungio ya waya yaliyosokotwa tu bila kulehemu huota kutu ya kijani, taa zinaanza kukatakata zenyewe na mtu anahangaika na programu. Lehemu, safisha, kisha paka rangi ya kucha isiyo na rangi mara mbili. Gundi ya kuyeyusha usiitegemee chini ya bati, jua la Desemba linailainisha.

Mleta mada: Na TANESCO wakikata?

Mdau wa Kimara: Powerbank. LED 20 za miliampia 15 ni miliampia 300, kwa hiyo powerbank ya miliampia-saa 10,000 inavuka usiku mzima. Ila ukiwa na LED tatu nne tu, powerbank nyingi hujizima baada ya muda mfupi zikidhani hakuna kilichochomekwa. Ongeza taa, au weka rizista ya omu 47 ya wati 1 kati ya chanya na hasi, ile miliampia 100 na ushee mara nyingi inatosha kuiweka macho. Rizista hiyo itapata moto, iwe mbali na karatasi na pamba.