James Earl Jones kabla ya Mufasa: niwaanzishie wapi vijana?

Kundi_Mbagala

Wakuu, habari za jioni. Tuna kikundi cha maigizo huku Mbagala, vijana 14, na wengi wanatafuta kazi ya kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje. Jumamosi ya wiki ijayo kuna kipindi cha saa 2 kuhusu mwigizaji wa Marekani James Earl Jones. Wanachokijua ni sauti zake za Mufasa wa The Lion King na Darth Vader wa Star Wars tu, na kila mmoja anaminya koo apate besi. Naomba msaada: safari yake ya kisanii niipange vipi isigeuke orodha ya tuzo? Zoezi gani linafaa kwenye ukumbi wa bati wenye feni zinazovuma? Halafu kuna kijana mmoja ana kigugumizi, na Jones naye alikuwa nacho. Mfano huo niutumieje bila kumwaibisha?

Pazia_Jekundu

Mkuu, anza na umri wake, hapo ndipo watakapotulia. Alizaliwa Januari 17, 1931, Arkabutla, Mississippi. Star Wars imetoka 1977. Maana yake sauti ya Vader ni ya mtu wa miaka arobaini na kitu ambaye tayari alikuwa na Tony ya 1969 (tuzo ya maigizo ya Broadway) na aliwahi kuteuliwa kuwania Oscar. Mufasa wa 1994 ana miaka 63. Vijana wako wanaiga mwisho wa kazi, na mwanzo wake hawajauona.

Chuo Kikuu cha Michigan aliingia kwa masomo ya kuelekea udaktari, akahamia maigizo. Kisha kuna kituo ambacho watu hukiruka na mimi ningekaa hapo dakika 10 nzima: ukumbi wa Ramsdell, mji wa Manistee. Pale alikuwa seremala wa jukwaa na meneja wa jukwaa, na huku anaigiza. Aliyepigilia misumari mandhari anajua ubao upi unalia ukiukanyaga, mwanga unaishia wapi, na mwenzake anahitaji sekunde ngapi kubadili nguo. Mwigizaji wa namna hiyo hapotezi pumzi ovyo.

New York alisoma American Theatre Wing kwa fedha za masomo walizopewa waliotoka jeshini. Broadway, yaani kumbi kubwa za maigizo za New York, alionekana 1958 katika Sunrise at Campobello, kama mtumishi wa nyumbani, maneno machache. Mwaka 1961 akaingia The Blacks ya Jean Genet, nje ya Broadway, pamoja na Cicely Tyson, Maya Angelou, Louis Gossett Jr. na Roscoe Lee Browne. Waandikie majina hayo ubaoni.

Mwaka 1962 ukumbi wa wazi wa Delacorte, Central Park, ulifunguliwa kwa The Merchant of Venice. George C. Scott alikuwa Shylock, Jones alikuwa Mwana wa Mfalme wa Moroko. Mwongozaji wa filamu Stanley Kubrick alikwenda kumtazama Scott, akaondoka na wote wawili, na hiyo ndiyo filamu ya kwanza ya Jones: Dr. Strangelove, 1964. Filamu ilimkuta jukwaani, tena kwenye nafasi ndogo.

The Great White Hope, tamthilia ya bondia iliyompa ile Tony ya 1969, ilianzia Arena Stage, Washington, Desemba 1967, ikaingia Broadway Oktoba 1968, ikawa filamu 1970. Alinyoa kichwa na kuujenga mwili wa bondia. Filamu ikamfanya mwanamume Mweusi wa pili, baada ya Sidney Poitier, kuteuliwa Oscar ya mwigizaji mkuu. Sasa hapa waambie ukweli: baada ya hapo Hollywood haikummiminia nafasi za mhusika mkuu. Ipo filamu ya Claudine ya 1974, lakini kwa mtu wa kiwango kile ni chache mno. Kilichombeba ni kurudi jukwaani: King Lear 1973, Fences 1987 iliyompa Tony ya pili. Mwaka 2015, akiwa na miaka 84, alikuwa bado Broadway na Cicely Tyson yuleyule wa 1961. Alifariki Septemba 9, 2024.

Bi_Skripti

Kundi_Mbagala, zoezi unalo hapohapo kwenye maelezo ya Pazia. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia hiyohiyo, Mabepari wa Venisi, 1969. Tafuta sehemu ambayo yule wa Moroko anachagua sanduku: sehemu ya pili, onyesho la saba. Weka maboksi matatu mezani: la dhahabu, la fedha na la madini ya risasi. Katika asili hotuba ile ni karibu mistari 50, mnatosha kuigawana.

Fanya hivi. Mzunguko wa kwanza wasome wametulia, bila kuigiza, kila mmoja aweke alama ya penseli pale anapovuta pumzi. Wa pili, hakuna kuvuta pumzi ila wazo linapogeuka, yaani Moroko anapoacha sanduku moja na kutazama jingine. Utaona wengi wanakata katikati ya wazo kwa sababu wamejaza kifua mpaka mabega yamepanda, na pumzi ya mabegani haidumu. Mkono mmoja uwe ubavuni, chini ya mbavu. Hapo ndipo panapotakiwa kutanuka. Wa tatu, msemaji aende mwisho wa ukumbi na feni ziwake. Hapo watataka kupiga kelele. Wakataze. Waongeze uwazi wa mdomo na wapunguze kasi.

Kosa la Kiswahili jukwaani ni kumeza silabi ya kwanza. Mtu anavuta pumzi na kuanza kusema kwa wakati mmoja, "hakuja" inasikika "akaja", na kisa kizima kimepinduka. Jones alisifika kwa kumaliza konsonanti za Kiingereza. Sisi kazi yetu iko mwanzoni mwa neno, kwenye viambishi. Warudie sentensi zenye "si-" na "ha-" mpaka aliye kiti cha nyuma aandike sawasawa alichosikia.

Kuhusu kigugumizi: Jones alikuwa karibu bubu shuleni kwa takriban miaka 8. Mwalimu wake huko Brethren, Michigan, Donald Crouch, aligundua anaandika mashairi, akamtaka alitoe moja mbele ya darasa kwa kichwa, na likatoka bila kukwama. Hakupona kabisa, mwenyewe alilisema hilo mpaka uzeeni. Usiitoe kama hadithi ya muujiza, maana kijana akikwama kesho atajiona ameshindwa. Usimtaje pia. Wote 14 wasome pamoja kwa sauti moja, kisha punguza: saba, watatu, wawili. Kusoma kwa pamoja na mapigo ya ushairi hupunguza kukwama kwa wengi. Akikwama, subiri. Kummalizia neno au kumwambia "tulia, vuta pumzi" kunaongeza presha.

Maiki_Sinza

Naongeza ya studio, kwa kuwa wanalenga kuingiza sauti.

Vader na Mufasa ni kazi mbili tofauti kabisa. Kwenye Star Wars mwili ni wa mwigizaji mwingine, David Prowse, picha zilikuwa zimekwisha kupigwa, na Jones aliingiza sauti yote kwa saa chache tu, malipo dola 7,000. Kwa ombi lake jina halikuwekwa kwenye filamu mbili za kwanza. Kwenye The Lion King sauti inarekodiwa kwanza, wachoraji ndio wanaifuata. Kazi ya tamthilia za nje ni ya aina ya Vader: mdomo umeshafunga, wewe unakimbizana nao. Wapime kwa saa, sentensi ya sekunde 3 imalizike ndani ya sekunde 3.

Ile pumzi ya Vader si ya Jones. Fundi wa sauti Ben Burtt aliitengeneza kwa kifaa cha kupumulia cha wazamiaji, akaipandisha juu ya sauti. Anayeikoroma kooni anajiumiza bure.

Besi inapatikana kwenye maiki. Maiki nyingi za studio zinapokea upande mmoja, na ukizisogelea sauti nzito inapanda yenyewe. Anza sentimita 15 hadi 20, mdomo upinde kidogo pembeni ili "p" na "b" zisipige puu. Rekodi WAV, 48 kHz, biti 24, kilele cha sauti kati ya desibeli -12 na -6 (dBFS). Zima feni na friji; blanketi nzito nyuma ya msemaji zinafaa kuliko trei za mayai, ambazo watu wanazibandika kwa imani tu. Maji wanywe saa moja kabla, maana funda la dakika ile haligusi nyuzi za sauti. Aliyepwelewa na sauti zaidi ya wiki 3 aende kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Kundi_Mbagala

Asanteni sana wakuu. Nikionyesha kipande kimoja tu, kiwe kipi? Na tukiitia hotuba ya Moroko kwenye onyesho la kiingilio, kuna shida?

Bi_Skripti

Cha Fences, Jones kama Troy Maxson na Courtney B. Vance kama mwanawe Cory, pale mtoto anapouliza kwa nini baba hampendi. Picha hafifu lakini sauti inatosha. Kionyeshe mara ya kwanza na picha, mara ya pili funika kioo wasikilize tu. Waulize ni wapi anapandisha sauti. Watasema kote, kumbe sehemu kubwa anaongea kawaida na kuchelewesha neno la mwisho.

Pazia_Jekundu

Kiingilio ni habari nyingine. Shakespeare hana mwenyewe leo, lakini tafsiri ya Mwalimu bado ina haki zake, kwa hiyo mwandikieni mchapishaji na muulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, kabla ya kuchapa tiketi. Fences ndiyo kabisa, msiiguse bila kibali cha wenye haki. Zoezi la ndani la Jumamosi endeleeni nalo, na feni ziwasheni mzunguko wa tatu peke yake.