MJADALA: Maharage aliyoniachia mama mkwe, nikimuuzia jirani ni kosa?

MamaKihamba (Kibosho, Moshi)

Ndugu zangu, habari za jioni. Naleta hili hapa kwa sababu limetugawa kwenye kundi letu la WhatsApp. Watu tuliozoea kupeana mbegu bure sasa tukikutana sokoni Kiboriloni tunapishana kimya.

Kisa chenyewe ni hiki. Kundi lina wakulima zaidi ya mia mbili, kuanzia Siha hadi Arumeru. Mwanzoni mwa masika mwenzetu mmoja alitangaza ana mbegu ya maharage Lyamungu 90, kilo shilingi elfu sita, anatuma kwa basi. Watano wakalipa. Mama mmoja wa Machame akapanda nusu eka. Zilizoota hazikufika nusu, na hizo zilizoota zilikuwa mchanganyiko, nyingine za kichaka, nyingine zinatambaa zikitafuta mti wa kupanda. Basi mtu akaandika kwamba kuuza mbegu isiyo na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, ni kosa la jinai, muuzaji akaripotiwe. Mwingine akajibu kwamba mbegu ni ya Mungu, haina mwenyewe. Yakatoka maneno ambayo watu wazima hawaambiani. Msimamizi wa kundi akafunga mlango: hakuna kuuza, hakuna kubadilishana, hata kugawa bure marufuku.

Mimi uamuzi huo naupinga.

Jikoni kwangu kuna ndoo ya maharage. Mbegu yake alinipa mama mkwe mwaka nilioolewa, 1994. Kila mavuno nachagua kwa mkono juu ya jamvi. Iliyokunjamana naitoa, yenye tundu naitoa, yenye doa naitoa. Inayobaki naichanganya na majivu yaliyochekechwa ili fukusi wasiipate. Wiki mbili kabla ya mvua nahesabu punje ishirini, nazifunga kwenye kipande cha gunia kilicholowa, nakiweka karibu na jiko. Siku ya tano nafungua. Zikiota kumi na nane, napanda. Zikiota kumi na mbili, ndoo nzima inakuwa mboga, nami naenda kwa jirani kuomba mbegu. Jirani naye hunijia mwaka wake ukiwa mbaya. Akinipa mbovu, wiki ijayo tutakutana kwenye zamu ya maji ya mfereji na atanitazama usoni. Huo ndio ukaguzi wetu, na umetulisha.

Kinachoniuma ni kwamba tukizungumza sheria tunafunga mambo mawili kwenye fundo moja. Kuna Sheria ya Mbegu ya 2003, inayotaka mbegu inayouzwa ithibitishwe ubora. Hiyo naielewa, mnunuzi lazima alindwe. Halafu kuna sheria ya 2012 ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mbegu. Hiyo inampa aliyegundua aina mpya umiliki kwa miaka 20, na kwa miti na mizabibu miaka 25. Mwaka 2015 Tanzania ikaingia UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda haki hizo, na Julai mwaka huohuo nchi za ARIPO, shirika la kikanda la Afrika linaloshughulikia haki za wavumbuzi, zikakutana hapo jirani Arusha kupitisha itifaki ya aina mpya za mimea. Inaitwa Itifaki ya Arusha. Jina ni la mji wa jirani zetu, na sijakutana na mkulima wa Tengeru wala Ngaramtoni aliyenieleza ndani yake mna nini.

Swali langu kwenu: umiliki wa mgunduzi uishie wapi? Mlangoni kwa duka la pembejeo, au uingie mpaka kwenye ndoo yangu?

MzeeUgani (Arusha)

Mama, asante kwa kulileta. Nimekuwa bwana shamba hadi nilipostaafu, naomba ninyooshe mawili matatu.

Kwanza, Lyamungu 90 ilitolewa 1990, miaka zaidi ya ishirini kabla ya sheria hiyo ya umiliki. Hakuna mtu anayeweza kumdai mwenzenu haki ya mgunduzi juu yake. Kosa lake, kama lipo, ni la Sheria ya Mbegu, kwa kuuza kama mbegu kitu kisichothibitishwa. Mbegu ya mama mkwe wako nayo haina mgunduzi wa kuidai.

Pili, jihadharini na yanayosambazwa. Mwaka 2016 zilienea mtandaoni habari kwamba mkulima wa Tanzania akibadilishana mbegu na jirani anafungwa miaka 12. Watu walinipigia simu usiku wakiniuliza wafiche wapi mahindi yao. Adhabu kali zipo na zinamhusu muuzaji wa mbegu zisizothibitishwa. Lakini sheria ya wagunduzi yenyewe inaacha nje matumizi binafsi yasiyo ya biashara.

Tatu, kuna njia ambayo wengi hawaijui: mbegu za daraja la kuazimiwa ubora. Mkulima mdogo au kikundi kinapewa mafunzo, kinajisajili, shamba linakaguliwa, na kinaruhusiwa kuuza katika eneo lake. Kundi lenu lingeweza kuifuata njia hiyo badala ya kufunga mlango.

MamaKihamba

Shikamoo mzee wangu, na asante. Hapo kwenye "yasiyo ya biashara" ndipo ninapokwama. Jirani akija na elfu tatu nikampimia kilo, nikanunua sabuni na mafuta ya taa, nimefanya biashara? Nikimpa kilo na yeye akanipa mkungu wa ndizi? Huku kwetu hakuna mstari kati ya kupeana na kuuziana. Mbegu ya mama mkwe ni salama leo, lakini wanangu watapanda aina mpya, zenye mwenyewe, na wao watataka kumpimia jirani. Sheria ikiliacha neno hilo wazi, atakayelitafsiri ni mwenye wakili.

MangiPembejeo (Moshi mjini)

Mama, kwa heshima zote, nitakuwa upande wa pili. Nina duka la pembejeo mwaka wa kumi na mmoja sasa. Mnalalamikia miliki bunifu, yaani hizo haki za wagunduzi, kana kwamba mbegu bora zinaota zenyewe porini. Kutoa aina moja mpya ni kazi ya miaka mingi, mtu anachavusha kwa mkono, anapanda, anatupa tisini na tisa anabaki na moja. Ukishamaliza, mtu ananunua pakiti moja, msimu wa pili anauzia kata nzima. Nani atatafiti tena? Tazameni mahindi. Makampuni yanashindana, mkulima anachagua ya mwinuko, ya ukame, ya siku chache. Maharage kampuni hazitaki kuyagusa kwa sababu wakulima wanahifadhi mbegu wenyewe. Mkulima anaumia kwa hilo, anapanda kilekile cha mwaka 1990.

Na kuhusu uaminifu: pakiti ina lebo, ina namba, ina anwani. Yule wenu wa kwenye simu alikuwa na nini?

MamaKihamba

Mangi, hoja yako ya maharage ni ya kweli na naikubali nusu. Harage hujichavusha lenyewe, kwa hiyo linalotoka shambani linafanana na mama yake. Mahindi chotara ukihifadhi, mwaka wa pili yanatawanyika, moja refu, moja fupi, gunzi nusu. Kwa hiyo mwenye mahindi chotara hahitaji hata polisi, asili imemfungia kufuli. Lakini tazama huko kufuli lilikoishia. Mwaka 2017 Dow na DuPont ziliungana, mwaka huohuo ChemChina ikainunua Syngenta, 2018 Bayer ikaimeza Monsanto. Kampuni nne sasa zimeshika zaidi ya nusu ya mbegu za biashara duniani, na hizohizo ndizo zinazouza dawa za kunyunyizia. Huo unauita ushindani?

Na ukiongeza sheria juu ya kufuli, unafika alikofika Vernon Bowman, mkulima wa Indiana, Marekani. Alinunua soya kwenye ghala la nafaka, soya za kawaida za kuuzwa, akapanda. Ndani yake mlikuwa na aina ya Monsanto yenye hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasiizalishe. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2013 iliamua dhidi yake, majaji wote tisa kwa kauli moja, na alitakiwa kulipa zaidi ya dola 84,000. Hakuvunja ghala la mtu. Alipanda alichonunua.

Unauliza nani atatafiti. Nani aliyetafiti Lyamungu 90? Nani aliyetoa maharage ya Selian 97 na Jesca pale Arusha? Vituo vya umma. Na kahawa je? Pale Lyamungu, TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, walitoa miche inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Wangeweza kuificha. Badala yake vikundi vya wakulima vilipewa bustani mama, vikazalisha miche vyenyewe na kuigawa vijijini. Mimi mwenyewe nina mibuni mia na arobaini iliyotokana na bustani ya kikundi, na mtafiti hakufa njaa kwa sababu ya mibuni yangu. Kama kampuni haitaki kugusa maharage kwa kuwa hayafungiki, basi hapo ndipo kodi yangu iende.

Kuhusu lebo, niseme na langu. Miaka mitatu iliyopita nilinunua pakiti tano za mahindi, dukani, zenye lebo na picha ya gunzi limejaa. Shamba la tambarare likaota kama meno ya mtoto. Niliporudi nikaambiwa nilipanda vibaya. Sikutaja duka na sitalitaja. Lakini karatasi haikunilinda siku ile.

MangiPembejeo

Pole sana mama, hilo linatuumiza hata sisi wauzaji waaminifu. Feki zipo. Ndiyo maana nasema ukaguzi uongezwe, usipunguzwe. Ukiruhusu kila mtu auze, hizo feki zitajificha nyuma ya jina la "mbegu ya asili".

FundiProgramu (Njiro, Arusha)

Naomba niingie kutoka upande mwingine, mimi kazi yangu ni kompyuta. Sisi tuna programu huria. Linux, iliyoanza 1991, inaendesha sehemu kubwa ya mitambo ya intaneti duniani, na mtu yeyote anaruhusiwa kuinakili na kuibadilisha. Ukiwagawia wengine toleo lako, unatakiwa uwape na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, chini ya leseni ileile. Hakuna anayeweza kuichukua akaifungia. Kuna watu Marekani walioanza mwaka 2012 kufanya hivyo kwa mbegu: unapanda, unazalisha, unauza, ila huruhusiwi kumzuia mwingine.

Kwenye kundi lenu nashauri kila muuzaji aandike asili ya mbegu, msimu iliyovunwa, na aweke picha ya shamba na ya jaribio la kuotesha.

MamaKihamba

Mwanangu, wazo la leseni huria nalipenda. India walifanya jambo la karibu na hilo bila kusubiri leseni ya mtu. Sheria yao ya 2001 inamruhusu mkulima kuhifadhi, kubadilishana na hata kuuza mbegu ya aina inayolindwa, alimradi asiiuze kwenye pakiti yenye nembo. Mstari wao uko kwenye nembo, na kila mtu anauona. Ndoo yangu haina nembo. Hicho ndicho ninachotaka kiandikwe kwenye sheria yetu.

Ila picha, hapana. Yule mwenzetu aliweka picha. Nimeirudia jana usiku nikaikuza. Maharage yamepanda kwenye fito, marefu kuliko mtu. Lyamungu 90 ni ya kichaka, haipandi mti! Watu mia mbili tuliiona picha ile, wengine tumelima maharage miaka thelathini, na hakuna aliyesema neno, mimi nikiwemo. Tulimwamini kwa sababu yuko kwenye kundi. Kule kwenye mfereji namwamini mtu kwa sababu najua kwao na yeye anajua kwangu. Haya ni mambo mawili tofauti, na tuliyachanganya.

Kwa hiyo Mangi, nakupa hili: anayemtumia mtu mbegu kwa basi, mtu asiyemjua, huyo ni muuzaji kama wewe, na akaguliwe. Afuate njia aliyoieleza Mzee. Lakini jirani kwa jirani, aina iwe na mgunduzi au isiwe naye, waachwe.

MzeeUgani

Hapo tumefika pazuri. Ongezeni na hili: vituo vya umma vipewe fedha za kuzalisha mbegu mama za maharage za kutosha. Nimeona vikundi vilivyosajiliwa vikikwama kwa kukosa tu mbegu ya kuanzia.

Mwanakikundi (Hai)

Shikamooni wazee. Nimesoma yote. Mimi ndiye niliyeuza. Maharage niliyanunua soko la Mbuyuni, gunia la maharage ya kula, aliyeniuzia akasema ni Lyamungu. Nilikuwa na ada ya mtoto. Picha niliikuta mtandaoni. Sikujaribu kuotesha hata punje moja. Naomba radhi. Simu zilinizidi ndiyo maana nikajitoa kwenye kundi.

MamaKihamba

Marahaba. Kujitokeza hapa mbele ya watu kumenipa nguvu ya kuzungumza na msimamizi. Elfu sita kwa kilo utazirudisha, hata kwa awamu, na uanze na mama wa Machame kwa sababu nusu eka yake imelala tupu. Mwulize kama atapanda tena vuli. Mimi nina debe moja la ziada la mbegu ya mama mkwe. Jana nilifungua gunia, zimeota kumi na tisa kwa ishirini. Jumamosi asubuhi njoo ulichukue, umpelekee kwa mkono wako mwenyewe mpaka kwake. Bei haina.