Tupeane uzoefu: tuliokulia miji ya viwanda Uingereza

Mwanzisha mada
Wakuu, habari zenu. Utoto wa Magomeni, wa Majengo na wa Ng'ambo tumeshausoma sana, mpaka wa Muscat. Sasa ninyi ambao wazazi waliwabeba wadogo kwenda Uingereza, na siyo London, nasema kule Leicester, Bolton, Sheffield, kwenye matofali na masizi, mbona kimya? Leteni mambo. Za Big Ben tumeshiba.

Mhindi wa Kisumu
Naanza mimi, maana huenda nawazidi umri nyote. Tulitoka Kisumu mwanzoni mwa 1968, katika lile wimbi la kuwahi kuingia kabla sheria ya mwezi Machi haijatufungia mlango, sisi wenye pasi za Waingereza. Kisumu baba alikuwa karani, ana meza yake. Leicester akaingia shifti ya usiku kwenye kiwanda cha soksi na fulana. Mama, aliyezoea kuwa na yaya, akakalishwa kwenye ovaloki, analipwa kwa idadi ya vipande alivyoshona.

Nyumba zimeshikana mtaa mzima, choo kiko uani. Kwenye baridi kali maji yanaganda ndani ya bomba na bomba linapasuka, kwa hiyo baba alikuwa akitundika kandili humo chooni iwake usiku kucha. Ukibanwa usiku unavaa koti juu ya pajama, unakimbia kwenye theluji kukifuata kile kimwanga. Bafu hakuna kabisa. Ijumaa tunabeba taulo kwenda bafu za halmashauri, mnalipia, mnapanga foleni.

Jioni mama alikuja na mizigo ya soksi za kumalizia nyumbani. Kazi yetu watoto ilikuwa kuzigeuza, kuoanisha mguu na mwenzake, na kukata uzi uliobaki pale kwenye vidole. Televisheni inaongea, sisi mikono inakwenda. Hadi leo nikishika soksi mpya, kidole gumba kinatafuta ule uzi.

Raha yetu ilikuwa Julai. Wiki mbili za mwanzo viwanda vyote vinafunga kwa pamoja na mji mzima unahamia Skegness, ufukweni. Ndiyo maana shule za kule zilikuwa zinafunga mapema kuliko za miji mingine. Mama anaketi mchangani na sari, juu yake koti la sufu, upepo unapuliza hadi masikio yanauma, sisi tunakula chapati na viazi vya bizari.

Halafu 1972 Amin akawafukuza wenzetu wa Uganda. Halmashauri ya Leicester ikalipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije, mji umejaa. Wahindi wengi wa Uganda wanasema hilo tangazo ndilo lililowaonyesha njia! Wakaja. Nilipofika umri wa kutoka peke yangu, barabara ya Belgrave ilishageuka, unapata mogo, yaani muhogo, wa kukaanga na pilipili kama uko Kampala. Lakini nisiwapambie. Miaka hiyohiyo National Front, chama cha Wazungu wabaguzi, walikuwa wakiandamana mjini, na siku ya maandamano vijana wa Kihindi hatukuruhusiwa kupita mlango wa mbele. Shangazi yangu alikuwa kwenye mgomo wa kiwanda cha taipureta 1974. Waliona wenzao Wazungu wanapata zaidi, wakatoka nje, na chama chao cha wafanyakazi kikawakana. Mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa. Shangazi hakuwahi kuujutia ule mgomo, tena alikuwa akiusimulia kama harusi.

Kaka wa Temeke
Shikamoo mzee. Hiyo kandili chooni haikuwahi kuleta maafa? Na Kiswahili mlikuwa mnaongea na nani?

Mhindi wa Kisumu
Marahaba mwanangu. Maafa hakuna, masizi tu kwenye kuta. Kiswahili baba na mama walikitunza kwa ajili ya kumsengenya msimamizi wa kazi mbele ya uso wake.

Dogo wa Bolton
Shikamoo mzee, umenichekesha peke yangu kwenye basi. Mimi wa Uvira, Kongo. Tulipitia kambini Uganda, tukaletwa Bolton 2008 kwa ule mpango wa Gateway, wa serikali ya Uingereza kuwapokea wakimbizi, nina miaka tisa. Ninyi mlivikuta viwanda vinanguruma, sisi tulikuta mabomba yamesimama bila moshi. Baba aliuliza kazi iko kwenye lipi kati ya hayo, akaambiwa pamba ilikufa zamani. Majengo yake yamegeuzwa maduka ya mazulia, maghala na fleti. Yeye akapata kufungasha kuku, usiku.

Shule ikatupeleka Hall i' th' Wood, nyumba alimoishi Samuel Crompton, yule aliyebuni mashine ya kusokota nyuzi mwaka 1779. Mwalimu akaeleza jinsi baadaye watoto viwandani walivyotambaa chini ya mashine kufagia vumbi la pamba huku zikienda. Wenzangu darasani midomo wazi. Mimi na binamu yangu tukatazamana tu, maana kambini tulikuwa tunabeba matofali.

Lakini kumbukumbu yangu kubwa ni tarehe 17 Machi 2012. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, mtu wetu, alikuwa kiungo wa Bolton Wanderers. Sebule yetu imejaa, mama amepika sombe (kisamvu) na bugali, tunaangalia mechi ya Kombe la FA na Tottenham. Ghafla jamaa kaanguka, hakuna aliyemgusa. Watu wanafikiri utani, kisha madaktari wanakimbia, tunaona wanamkandamiza kifua. Baba akazima televisheni, akawasha tena. Usiku ule wazee walikesha kanisani, wa Kinshasa na wa Kivu pamoja, na hao kwa kawaida hawaelewani hata kwenye nyimbo! Moyo wake ulisimama dakika 78, akapona. Shuleni Jumatatu, Wazungu ambao hawakuwahi kuniongelesha wakaja kuniuliza kama ni ndugu yangu. Nikasema ndiyo.

Binti Sheffield
Dogo umeniliza. Mimi mama ni nesi, tulitoka Moshi. Ya kwangu ni ile minara miwili ya kupozea maji pale Tinsley, kando ya barabara kuu ya M1. Ukitoka safari ukiiona unajua umefika. Agosti 2008 wakailipua saa tisa usiku. Mama alitoka shifti, hata sare hakuvua, tukaenda kusimama kwenye kilima na blanketi pamoja na majirani. Kuna mzee wa kiwanda cha chuma, mstaafu, alikuwa analia waziwazi na mkewe anamwambia aache ujinga, ni zege tu. Chini yake ni Meadowhall, duka kubwa lililojengwa mahali palipokuwa na kiwanda cha chuma. Baba zao waliyeyusha chuma pale, sisi tulikaa palepale tukila chipsi na kujaribu viatu ambavyo hatununui.

Na maharage ya nazi kwetu yanatiwa Henderson's Relish. Mama asipoiona mezani anauliza nani kaificha.

Kaka wa Temeke
Sosi ya Wazungu kwenye maharage ya nazi? Moshi wanajua?

Dogo wa Bolton
Subiri usikie ya Bolton. Pai ya viazi na nyama inasokomezwa ndani ya skonzi yenye siagi, unaila kwa mkono ukienda shule. Enzi zangu ilikuwa pauni mbili na ushee, tumbo linanyamaza hadi saa kumi.

Kaka wa Temeke
Yaani wanga ndani ya wanga ndani ya wanga.

Mhindi wa Kisumu
Wewe Temeke, chapati na viazi karai huwa mnakula na nini?