Mchezaji Aliyeingia Msitu wa Argonne

Zuhura: Shikamooni wazee wangu. Mjomba, jana ulimtaja mchezaji wa besiboli aliyekuwa wakili, kisha akafia vitani. Tunaomba utusimulie.

Mjomba: Marahaba, mama. Ni Eddie Grant, mzaliwa wa Franklin, Massachusetts, mwaka 1883. Alipata shahada ya sheria Harvard mwaka 1909, wakati tayari analinda kituo cha tatu, mojawapo ya nafasi za ulinzi uwanjani, katika timu ya Philadelphia. Baadaye alichezea Cincinnati na New York Giants, akaacha mchezo mwaka 1915 na kushika uwakili Boston. Nisiwadanganye, kwa kupiga mpira hakuwa nyota, kwani wastani wake ulikuwa .249 tu, yaani alifaulu takriban mara moja katika kila nne.

Mama Zuhura: Hakuwa na familia ya kumzuia asiende?

Mjomba: Mkewe, Irene, alifariki mwaka 1911, ndoa yao haijatimiza hata mwaka, naye hakuoa tena. Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia Aprili 1917, alijiandikisha mwezi huohuo akiwa na miaka 33, umri ambao wengi wangetafuta udhuru.

Baba Mkubwa: Mweleze na habari ya Argonne, maana hapo ndipo penye uzito.

Mjomba: Oktoba 1918, huko Ufaransa, askari wapatao 550 walio chini ya Meja Charles Whittlesey walizingirwa na Wajerumani ndani ya msitu wa Argonne. Grant, aliyekuwa kapteni katika Rejimenti ya 307, alikuwa miongoni mwa waliotumwa kuwafikia. Tarehe 5 maofisa waliomzidi cheo walijeruhiwa, akashika uongozi wa batalioni, na alipokuwa akiwaita wabeba machela kombora likamuua. Siku mbili baadaye askari wa rejimenti yake ndio waliofika kwa waliozingirwa.

Zuhura: Je, alifahamiana na huyo Whittlesey?

Mjomba: Wote wawili walisomea sheria Harvard, Whittlesey akimaliza mwaka mmoja kabla yake. Mimi naamini hata asingekuwa yeye aliyezingirwa, Grant angekwenda vilevile.

Mama Zuhura: Alizikwa kwao?

Baba Mkubwa: Hapana, kaburi lake liko Romagne, kulekule Ufaransa. Giants walimjengea mnara uwanjani Polo Grounds mwaka 1921, lakini bamba lake lilitoweka timu ilipohamia San Francisco mwaka 1957, na nakala yake ikawekwa huko San Francisco mwaka 2006.