Mbawa za bawaba: fedha za umma zilipotea bure?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Kila zikitajwa ndege za mbawa za bawaba, zile ambazo rubani anazirudisha nyuma akiwa angani, hakosi mtu wa kusema Marekani ilichezea kodi za wananchi. Mimi lawama nazigawa. Watafiti wa Langley, kituo cha utafiti wa ndege cha NASA, nawatetea hadi kesho. Waliopeleka wazo hilo kwenye ndege za abiria, hapana.

Bawa lililonyooka linabeba vizuri kwa kasi ndogo, kwa hiyo ndege inatua kwenye njia fupi. Ikikaribia kasi ya sauti, bawa hilo hilo linageuka mzigo. Hapo linatakiwa lililolala nyuma. Ukiyataka yote mawili, weka bawaba. Shida ni kwamba bawa likirudi nyuma, kitovu cha nguvu inayoinua ndege nacho kinarudi, na pua inataka kuzama. Bell X-5, ndege ya majaribio ya mwaka 1951, ililimaliza hilo kwa reli: ncha zikirudi nyuma, mzizi wa bawa unasogezwa mbele. Iliruka, ila mtambo wa namna hiyo ni mzito na unakula nafasi tumboni. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Alford na Polhamus wa NASA Langley, waliokuwa wakipima mawazo ya Mwingereza Barnes Wallis, wakazitoa bawaba nje ya kiwiliwili na kuacha kipande cha bawa kisichosogea upande wa ndani. Kitovu kikatulia vya kutosha, reli zikaachwa. F-111, ndege ya kivita ya Marekani, ikaruka Desemba 1964, mbawa zikigeuka kutoka nyuzi 16 hadi 72.5.

Halafu ikaja Boeing 2707, ndege ya abiria iliyokusudiwa kupita kasi ya sauti. Tarehe 31 Desemba 1966 serikali ikaichagua, na mbawa zake za bawaba, ikaiacha Lockheed iliyoleta bawa lisilosogea. Mwaka 1968 Boeing wenyewe wakazing'oa bawaba kwenye michoro kwa sababu ya uzito. 1971 Bunge la Marekani likakata fedha. Haikuruka hata moja.

Fundi Bodi
Mkuu, hapo umeunganisha kesi mbili. Bunge lilipokata fedha, bawaba zilikuwa zimeshaondolewa. Kilichoiua 2707 ni gharama na kelele: watu hawakutaka mshindo wa ndege inayopita kasi ya sauti juu ya paa zao. Concorde, ndege ya abiria ya Waingereza na Wafaransa iliyopita kasi ya sauti, haikuwa na bawaba, na ilinunuliwa na mashirika mawili tu.

Jeshini hesabu ni nyingine. F-14, ndege ya kivita ya jeshi la majini la Marekani, ilitakiwa itue kwenye meli na pia ikimbie. Kompyuta yake ilipanga mbawa yenyewe, nyuzi 20 hadi 68, na ikiegeshwa melini zinalazwa hadi 75 ili ndege zisibanane. Hiyo si hasara hata kidogo.

Karani Mstaafu
Mnaongea hewa tu, chuma mmekisahau. Tarehe 22 Desemba 1969 F-111 ilikatika bawa Nevada, wote wawili waliokuwamo wakafa. Ndege ilikuwa na takriban saa 100 tu za kuruka. Ndani ya chuma cha bawaba kulikuwa na ufa uliotoka nao kiwandani, na wakaguzi hawakuuona. Baada ya hapo kila F-111 iliingizwa kwenye chumba cha baridi, kama nyuzi 40 chini ya sifuri, mbawa zikakunjwa kwa nguvu juu na chini. Chuma hicho kikipoa kinakuwa rahisi kuvunjika, kwa hiyo kama ufa upo, kivunjikie humo humo chumbani. Na Jeshi la Anga likaanza kuwadai wasanifu wahesabu kana kwamba ufa upo tangu siku ya kwanza. Mkipiga hesabu za faida, hilo msiliache nje.

Mbishi wa Pwani
Sawa, sasa tuambieni: Tu-160, ndege ya Kisovieti ya kudondosha mabomu yenye mbawa za bawaba, iliruka mara ya kwanza Desemba 1981. Baada yake, ndege gani mpya ya kivita imeingia kazini na bawaba? Injini zimepata nguvu, kompyuta zinaishika ndege isiyotulia, na viungo vya bawa havipendezi mbele ya rada. Kama dawa ilikuwa nzuri, mbona wameacha kuinywa?

Mleta mada
Mbishi, kupitwa na wakati si kupoteza. Karani, hoja ya ufa nainunua yote, ingawa waliokufa hawakuwa wamejitolea kwa jaribio hilo.

Fundi, bado sijaridhika. Bawaba hazikuwapo 1971, kweli, lakini ndizo zilizoshinda zabuni, na kuzing'oa kulimaanisha kuchora ndege upya huku serikali ikibeba sehemu kubwa ya gharama. Linganisha na AD-1, ndege ya majaribio ya NASA, 1979 hadi 1982: bawa moja la mshazari, wazo la Robert T. Jones, likigeuka hadi nyuzi 60 juu ya egemeo moja. Kandege kadogo ka fibaglasi, ka mwendo wa pole. Kalionyesha wazi kwamba kupita nyuzi 45 hakashikiki vizuri, na hakuna abiria aliyekuwa ameahidiwa tiketi. Kwa nini 2707 haikupitia njia hiyo kwanza?